Mtaalamu ni nani: mwenye kadi au mwenye neno?

JUMAPILI hii, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo siku hizi limekuwa rahisi kuliko karanga za barabarani. Neno lenyewe ni "mtaalamu".

Hebu tazama vibao vilivyo njiani ukitoka feri ya Likoni kuelekea Ukunda. Mtaalamu wa kusuka nywele. Mtaalamu wa simu. Mtaalamu wa mabomba. Mtaalamu wa nyota na mapenzi, ambaye kwa pesa kidogo zaidi atakurudishia na mali iliyoibwa. Kila mtu ni mtaalamu. Ukitaka kumwona mtu ambaye si mtaalamu wa jambo lolote, itakubidi ufunge safari.

Sina nia ya kumcheka mtu anayejitafutia riziki. Nimelileta jambo hili hapa kwa sababu mwezi Julai mwaka jana neno hilo liliingia nyumbani kwetu Diani, na lilikaribia kuvunja undugu.

Kijana wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa amechapisha kadi 200 pale Ukunda. Kadi zilipendeza, sitasema uongo. Palikuwa na picha ya mnazi, picha ya pomboo akiruka, nambari ya simu, na chini ya jina lake maandishi ya rangi ya dhahabu: Mtaalamu wa Utalii na Safari za Baharini.

Nilipopewa yangu nilimwuliza, "Baba, utaalamu huu umeusomea wapi?"

Akacheka. "Shangazi, mtu akizaliwa hapa pwani ameshasoma."

Sikumjibu. Nilijua kwamba kijana huyo alimaliza kidato cha nne, akakaa miaka miwili bila kazi, kisha akaanza kutembea ufuoni pamoja na wenzake wanaoitwa "bichi boi", akiwatafutia wageni mashua, vinyago na pikipiki za kukodi. Hana wizi wala ulevi. Ana ulimi mtamu, anasema Kijerumani cha kuombea maji, na ana hamu ya kuheshimiwa. Nani asiye nayo?

Mashua na mlango wa mwamba

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni nahodha. Kwa kijana huyo ni babu. Mashua yake hulala upande wa msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Leseni anayo na jaketi za kujiokolea anazo, maana sheria yataka hivyo. Kadi hana. Alifundishwa na baba yake, naye babaye alifundishwa na babu yake. Miaka ya kwanza kazi yake ilikuwa kupiga maji ya ngama tu, kuyatoa kwa kopo na kuyamwaga, huku akitazama wakubwa wanavyoshika usukani.

Anayeijua Diani anajua kuwa bahari yetu ni mbili. Ipo ile ya ndani ya mwamba, ambayo maji yakipwa watoto hucheza humo wakiokota kombe. Na ipo ile ya nje, ambayo huifikii mpaka upite mlango, yaani ule mwanya uliomo katika mwamba. Kusi inapovuma, miezi ya Juni, Julai na Agosti, mlango huo huweza kuwa shwari saa moja na saa inayofuata ukawa unachemka kama sufuria ya wali.

Asubuhi moja kijana alileta wageni watano: mume, mke na watoto watatu, mdogo wao hajafika miaka sita. Walitaka kupelekwa nje kuona pomboo. Bei ilikuwa imekubaliwa, Sh15,000, na katika hizo Sh3,000 zilikuwa za kijana. Nyumbani, mjukuu wa kike wa mjomba alikuwa amekaa jikoni na sare yake mwilini kwa kuwa alirudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Pesa hizo zilikuwa zimekwisha kugawanywa kichwani kabla hazijafika mkononi.

Mjomba alisimama kwenye mchanga. Akatazama povu la mlangoni. Akatazama mawingu ya kusini. Akamtazama yule mtoto mdogo. Kisha akasema, "Leo nje siendi. Wakitaka kuzunguka ndani ya mwamba, twende, nami nitachukua nusu ya bei. Nje, la."

Wageni walitaka pomboo. Wakaaga kwa adabu, wakatembea hatua chache, wakaingia mashua nyingine.

Msomaji wangu, labda sasa unangoja kusikia kwamba mashua ile ilizama. Haikuzama. Ilirudi kabla ya adhuhuri. Wageni walikuwa wamelowa chepechepe, mtoto mdogo alikuwa ametapika, lakini walikuwa wanacheka, wamepiga picha zao, na walilipa hadi senti ya mwisho mbele ya macho yetu.

Kijana alikasirika mno. "Babu, mbona wamerudi salama? Umetupotezea pesa bure! Mimi ni mtaalamu, nimeleta wateja, wewe unawafukuza!"

Mjomba alikuwa akishona wavu. Hakuinua uso. "Wamerudi, alhamdulillahi, nami nimefurahi. Lakini, mjukuu wangu, sikukataa kwa kuwa nilijua watakufa. Nilikataa kwa kuwa sikujua kama nitawarudisha."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Wale hawaijui bahari hii. Waliniuliza mimi. Mtu akikuuliza jambo asilolijua, amekupa roho yake uishike."

Hapo ndipo penye kiini

Nimekaa na maneno hayo mwaka mzima, na kila nikiyageuza naona kwamba mjomba alisema jambo ambalo vitabu vingi huzunguka bila ya kulifikia.

Ukinunua chapati, huhitaji kumwamini mpishi sana. Utaionja, na ikiwa mbichi utairudisha. Lakini ukichomwa sindano hospitalini Msambweni, huwezi kuonja kilichomo. Ukimpa wakili hati ya shamba lako, humfuati ofisini kutazama anavyoiandika. Fundi wa umeme akifunika nyaya kwa saruji, hutaona alichofunika mpaka siku ya moto. Katika kazi hizi mteja ni kipofu, na mwenye ujuzi ndiye fimbo yake.

Mimi naona utaalamu ndio huo: kushika jambo la mtu ambaye hawezi kukukagua, na kulishika kana kwamba anakuona. Na kipimo chake kikubwa si siku unayofanya kazi vizuri ukalipwa. Kipimo ni siku ambayo ungeweza kufanya vibaya, ukalipwa vile vile, na asijue mtu.

Lugha yetu yenyewe ina hekima katika jambo hili. "Mtaalamu" ni neno la asili ya Kiarabu, na ndugu yake ni "elimu". Shina lake ni kujifunza. Kwa hiyo mtaalamu si mtu aliyemaliza kujua. Ni mtu aliyejifunza na anayeendelea kujifunza. Na "fundi", neno ambalo siku hizi vijana hulikimbia kwa kuona ni la watu wa nyundo na misumari, ni jamaa ya "kufunda" na "kufundisha". Fundi ni mtu aliyefundwa. Mwenye kujiita fundi bila kufundwa na mtu ni sawa na bibi arusi aliyejioza.

Je, vyeti havina maana?

Wapo watakaosema, "Ahaa! Basi mwandishi anatuambia masomo ni bure, tuwafuate wazee." La hasha. Mimi mwenyewe nina diploma ya uandishi wa habari, na karo yake ililipwa kwa nazi za mama yangu. Siwezi kuidharau.

Bahari moja na mlango mmoja humtosha nahodha aliyefundwa na baba yake. Dunia ni pana kuliko mlango mmoja. Daktari hawezi kungoja arithi ujuzi wa damu na dawa kutoka kwa babu. Ndiyo maana nchi yetu ina sajili za madaktari, wauguzi, mawakili na wahandisi, na asiyekuwamo haruhusiwi kujiita hivyo kazini. Hata utalii wetu umejifunza. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975. Waongozaji wa safari nao waliunda chama chao mwaka 1996, na chama hicho hutahini wanachama kwa madaraja matatu, shaba, fedha na dhahabu. Mtu hupanda daraja kwa kufanya mtihani, si kwa kuchapisha kadi.

Lakini cheti ni ahadi tu. Kinasema: huyu alifunzwa, mwaminini. Ndiyo maana cheti cha uongo ni wizi mbaya kuliko wa kuku. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya uchunguzi wake na kusema kuwa vyeti bandia zaidi ya 2,000 vilipatikana miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Fikiria, msomaji, ni wananchi wangapi waliosimama mbele ya meza za watu hao wakisema "shikamoo" na "naomba msaada", wakidhani wamempata anayejua.

Na hata cheti cha kweli hakiendeshi chombo. Sisi wa pwani ya kusini hatuhitaji kufundishwa hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka muda mfupi tu baada ya kuondoka gatini, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 250 walikufa, wengi wao wakienda kazini Mombasa kama siku zote. Hadi leo zipo nyumba Likoni na Kwale ambazo tarehe hiyo haitajwi kwa sauti. Hesabu ya abiria haikuwa elimu ngumu. Kilichokosekana asubuhi hiyo ni mtu wa kusimama mbele ya watu wenye haraka na kusema, "Basi, chombo kimejaa."

Kusema "basi" ni kazi ngumu. Hakuna anayekushukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Mjomba alipokataa kwenda nje hakupewa medali; alipewa lawama, na karo ya mjukuu wake ikalipwa nusu, nusu ikabaki. Huo ndio uzito wa jina hili. Anayelitaka na aujue kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Mti usiojulikana jina

Siku mbili baada ya ugomvi ule nilimchukua kijana tukaenda Kaya Kinondo. Nilitaka tutoke nyumbani hewa itulie. Wengi wenu mnaijua: ni msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na bahari, mmojawapo wa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huvishwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na huelezwa adabu ya mahali.

Aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo wa hapo hapo. Alitutajia miti kwa majina ya Kidigo, akasema huu hutibu tumbo, huu ni wa kina mama waliojifungua. Mgeni mmoja katika kikundi chetu akanyosha kidole kwenye mti mdogo kando ya njia. "Na huu?"

Mwongozaji akautazama, akagusa jani. "Huu siujui. Nitamwuliza mzee."

Mbele kidogo mgeni yule yule akauliza kuna nini ndani zaidi, nyuma ya miti ile mikubwa. Jibu lilikuwa fupi na la upole: "Huko hatuendi, na habari zake si zangu kuzieleza."

Nilimtazama kijana wa kaka yangu kwa pembe ya jicho. Yeye, siku zote akiulizwa na wageni, hana neno "sijui". Akiulizwa jina la ndege, atalibuni. Akiulizwa mwaka msikiti wa Kongo ulipojengwa, atataja wowote uliokaribu na ulimi. Na kwa kuwa wageni hupanda ndege wakaenda zao, hajawahi kukamatwa.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Shangazi, yule mtu hakuona haya kusema hajui, mbele ya watu waliolipa?"

Nikamwambia, "Wewe ulimwamini zaidi au ulimwamini kidogo baada ya kusema vile?"

Hakujibu. Lakini nilijua jibu, maana hata mimi tangu hapo kila mti alioutaja niliuamini bila shaka. Mtu anayesema "sijui" mara moja huyatia muhuri yote mengine aliyosema kuwa anayajua. Na anayejua pa kunyamaza humpa mwenziwe amani ya kumweleza siri. Daktari na wakili huapishwa kwa jambo hilo. Mwongozaji wetu alilelewa nalo.

Nami pia nina deni

Si haki niwaseme wengine nikajifunika mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika habari ya kikundi kimoja cha akina mama. Mwanachama mmoja aliniambia kwamba mweka hazina ametoroka na pesa za wenzake. Nilikuwa na haraka, gazeti lilikuwa linafungwa jioni ile, na habari ilikuwa tamu. Sikumtafuta mweka hazina. Sikuuliza mtu wa pili.

Haikuwa kweli. Mama wa watu alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake, na pesa zilikuwa benki, kila shilingi. Tulichapisha masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya nyumba za kukodi. Nilipokwenda kumwomba radhi alinipokea vizuri, akanipa chai. Ila aliniambia kwamba ameacha kwenda sokoni asubuhi. Huenda jioni, watu wakiwa wachache.

Wakati huo diploma yangu ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, nyuma ya kioo. Ilikuwa ya kweli, yenye muhuri na sahihi mbili. Nilikuwa na cheti. Utaalamu siku ile nilikuwa nimeuacha nyumbani. Tangu hapo kila nikimaliza makala hujiuliza: yule niliyemtaja, naye ameulizwa? Namwambia kijana wetu na nawaambia ninyi: mimi nilijifunza kwa gharama ya jina la mtu mwingine. Ni aibu ambayo haifutiki kwa mistari minne.

Wazazi, tuwaambie nini watoto?

Wengi wetu tukiwa na kijana nyumbani humsukuma kwa neno moja: "Tafuta cheti." Si neno baya, lakini ni nusu ya neno. Tumwongezee nusu ya pili. Akitaka kujiita mtaalamu, wa meno, wa mashua, wa kusuka au wa kompyuta, ajiulize maswali matatu kabla ya kulala.

La kwanza: Leo nimemwambia nani "hapana", ingawa pesa zake zilikuwa mezani? La pili: Leo nimesema "sijui" mara ngapi, na je, nimekwenda kuuliza? La tatu: Yule asiyeweza kunikagua, nimemfanyia kama ambavyo ningemfanyia mamangu?

Asiyekuwa na jibu hata moja na angoje kidogo kuchapisha kadi. Na mwenye majibu yote matatu, awe ni profesa au mama wa kushona nguo pale Gombato, huyo mimi nitamwita mtaalamu hata kama hana kibao mlangoni. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Mtauliza kijana wetu aliishia wapi. Hakuishia popote, bado anaanza. Kwa wiki mbili hakusema na babu yake ila kwa salamu. Wiki ya tatu alikwenda ufuoni alfajiri bila ya kuitwa, akaingia mashuani, akakuta maji ya ngama, akachukua kopo. Mjomba alimwona na hakusema kitu. Siku hizi huenda pamoja, na wakifika karibu na mlango mjomba humwuliza, "Unaonaje?" Mara nyingi kijana hukosea. Juzi nilipompigia simu aliniambia mwenyewe kwamba alikosea, wala sauti yake haikuwa na haya. Pia ameanza kusoma kwa ajili ya mtihani wa waongozaji, lile daraja la shaba.

Kadi zilizobaki zimo katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda chake. Nilimwomba asizitupe. Nadhani siku moja zitamfaa, ila kwanza na azistahili. Wahenga walikwisha sema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Na kabla ya yote mawili, hukaa akatazama moto.

Haya, msomaji wangu, leo hapa panatosha. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.